Simu za intaneti zawafaa wafanyabiashara Garissa, ila njia ni moja

MAFURIKO ya Novemba 2023 yalipoikata barabara kuu ya Garissa kwenda Nairobi katika eneo la Madogo, malori ya bidhaa yalikwama upande mmoja wa maji na wenye mali wakabaki upande wa pili wakisubiri. Hali hiyo ilijirudia katika mvua za masika za 2024. Kwa siku kadhaa, kilichoendelea kuwaunganisha wenye maduka wa mji wa Garissa na wauzaji wa jumla wa Eastleigh na Mombasa kilikuwa simu peke yake: simu ya kumwuliza dereva amefika wapi, ya kumsihi mwuzaji avumilie deni, ya kumweleza mteja kwa nini saruji yake haijafika.

Mazingira ya namna hiyo ndiyo yanayofaa kulipimia suala la simu zinazopitia intaneti. Ofisi nyingi za Nairobi zimekwisha kuziacha nyaya za shaba na kuhamia mfumo huu, na kampuni zile zile zinazouza intaneti nchini huunadi kwa wafanyabiashara wa kila pembe. Lakini yanayosemwa kuuhusu katika ghorofa za Westlands hayawezi kuhamishiwa Garissa yalivyo. Huko baadhi ya faida zinazotangazwa hazina uzito tena, na nyingine ambazo hazitajwi sana zina thamani kubwa kuliko zinavyodhaniwa.

Eneo lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambalo tangu 2013 linaongozwa na serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 120,000. Matokeo ya sensa ya 2019 yalivyotangazwa yalionyesha wakazi wanaokaribia milioni 2.5. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kilomita zipatazo 370, na kutoka Garissa hadi Mandera ni masafa makubwa zaidi ya hayo. Si ajabu kwamba wenyeji wakipanda basi la kuelekea Nairobi wamezoea kusema wanakwenda “Kenya”.

Biashara ya eneo kama hili haina budi kuwa biashara ya masafa. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya ng'ombe Afrika Mashariki. Mifugo huswagwa kutoka malishoni na hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia, huuzwa hapo, kisha hupakiwa malori kuelekea Nairobi na Mombasa. Mara nyingi mnunuzi hamjui mwenye ng'ombe. Anayemjua ni dalali, na neno la dalali ndilo dhamana kwamba mnyama si wa wizi. Pale ambapo neno ndilo hati ya mauzo, chombo cha kulisafirisha neno hilo ni sehemu ya mtaji.

Wakazi wa huko walilifahamu jambo hilo mapema. Kabla ya simu za mkononi kuenea, kazi hiyo ilifanywa na taar, yaani vituo vya redio vilivyowaunganisha watu wa kambi za Dadaab, zilizoanza 1991, na jamaa zao walioko Eastleigh na ndani ya Somalia. Mtu alikwenda kituoni, akaeleza anamtafuta nani, akangoja hadi mwenzake aitwe upande wa pili, kisha wakazungumza huku wengine wakisikia. Faragha haikuwapo, lakini habari za jamaa na za fedha za hawala zilifika. Mtu aliyezoea kufanya mapatano kwa njia ya taar hahitaji kushawishiwa sana kuhusu simu ya intaneti.

Sheria ya Kenya ndiyo iliyochelewa. Telkom Kenya, iliyozaliwa 1999 baada ya kugawanywa kwa shirika la posta na simu la KPTC, ilipewa ukiritimba wa miaka mitano. Katika kipindi hicho kupitisha sauti kwenye intaneti kwa biashara kulikuwa kosa, na wenye vyumba vya intaneti waliothubutu walifanya hivyo kwa kificho. Hata kituo cha KIXP, kilichoanzishwa Novemba 2000 ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi hadi mwingine isilazimike kuzunguka ng'ambo, kilifungwa mwezi uliofuata baada ya Telkom kulalamika, kikafunguliwa tena 2002. Ukiritimba huo ulipokwisha katikati ya 2004 ndipo mlango ulipofunguliwa. Mikonga ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikaacha kuwa bidhaa ya setilaiti ya bei ya kutisha. Mkonga wa taifa wa NOFBI, ambao ujenzi wake ulianza katika miaka hiyo hiyo, ukaufikisha uwezo huo hadi Garissa.

Simu ya intaneti yenyewe haina miujiza. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubandikwa anwani na kutumwa kama inavyotumwa barua pepe. Upande wa pili vipande huunganishwa na kuwa sauti tena. Mazungumzo mamoja yasiyobanwa hutumia kama kilobiti 80 hadi 100 kwa sekunde kila upande, na yakibanwa hutumia kama theluthi ya kiasi hicho. Maana yake ni kwamba watu kumi wanaweza kuzungumza kwa wakati mmoja katika njia ya megabiti moja tu, ilmradi njia hiyo ni thabiti na hakuna anayeijaza kwa kutazama filamu.

Swichibodi nayo, iliyokuwa kabati la nyaya ukutani na fundi wake, imekuwa programu. Mojawapo ya programu hizo, Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, hupatikana bila malipo na huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Asiyetaka kuitunza kompyuta hiyo hulipa kwa mwezi na kuachia kampuni nyingine kazi hiyo.

Wauzaji wa huduma hii hutanguliza unafuu wa bei. Kwa mfanyabiashara wa Garissa hoja hiyo imechakaa. Mwaka 2010 ada ambayo mtandao mmoja wa simu hutoza mwingine kwa kupokea simu ilipunguzwa kutoka Sh4.42 hadi Sh2.21 kwa dakika, na bei za kupiga simu zikaporomoka nchi nzima. Kufikia Agosti 2022 ada hiyo ilikuwa Sh0.58. Kuhusu simu za nje, WhatsApp ilipoanza kupitisha sauti mwaka 2015 ilimaliza mjadala: anayeagiza nguo kutoka Dubai au vifaa kutoka Guangzhou hana tena haja ya kulipia dakika za kimataifa. Unafuu uliobaki ni wa wale wenye matawi kadhaa, ambao simu za tawi kwa tawi huwa za bure ndani ya mfumo wao, na wa wale wanaopiga simu za mezani za mabenki na mawakala wa meli ng'ambo. Kundi hili la mwisho lilizoea kutumia Skype hadi huduma hiyo ilipofungwa Mei 2025.

Faida kubwa zaidi, ambayo wauzaji huitaja mwishoni kama nyongeza tu, ni umiliki wa nambari.

Ubao wa duka la kawaida katika mji wa Garissa, sawa na miji mingine ya Kenya, huwa na nambari mbili au tatu za simu za mkononi zilizopakwa rangi juu ya mlango. Ya kwanza ni ya mwenye duka, ya pili ni ya mdogo wake, ya tatu ni ya karani. Siku karani anapoondoka kwenda kufungua duka lake mwenyewe mtaa wa pili, huondoka na nambari ile, na pamoja nayo wateja wa miaka mingi ambao kwao nambari hiyo ndiyo duka lenyewe. Hapana wizi uliotendeka, wala hapana mahakama itakayowarudisha wateja hao. Mwenye duka naye akifariki, laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake inakuwa sehemu ya mirathi, na warithi hujikuta wakihangaika kuirejesha huku wadeni wa marehemu wakiwa kimya na wadai wakipiga simu mchana kutwa.

Hapa ndipo WhatsApp, pamoja na wema wake wote, inaposhindwa kuwa simu ya biashara. Kwa kawaida nambari yake imefungwa kwenye kadi ya simu ya mtu mmoja. Nambari ya mfumo wa intaneti imesajiliwa kwa jina la biashara, na haikai ndani ya chombo chochote. Inaweza kuwa ya 046, ambayo ni ya Garissa na majirani zake, au ya 020 ya Nairobi kwa anayetaka wateja wa Nairobi wasione kuwa wanapiga mbali. Ikipigwa inaweza kulia dukani Garissa, katika bohari ya Eastleigh na katika tawi la Masalani kwa pamoja, na isipopokelewa ikahamia kwenye simu ya mkononi ya mwenye mali, hata kama yuko Makka kwa ajili ya Hija. Karani akiondoka, hupewa mwingine nafasi yake, na mteja hajui kwamba kuna aliyeondoka.

Uhusiano wa Garissa na Eastleigh unaifanya hoja hii kuwa na uzito wa pekee. Jumba la kwanza la maduka la Wasomali katika mtaa huo wa Nairobi, lililotokana na nyumba ya kulala wageni ambayo vyumba vyake viligeuzwa kuwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, liliitwa Garissa Lodge. Tangu wakati huo familia nyingi zimekuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule: bidhaa zinapokelewa Eastleigh, zinauzwa Garissa, fedha zinarudi. Biashara hizo kwa kweli ni duka moja lenye milango miwili iliyoachana kwa kilomita 370, na hadi sasa kila mlango umekuwa na simu yake.

Wakati wa dharura tofauti huonekana zaidi. Baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, serikali iliweka marufuku ya kutotoka nje kuanzia jioni hadi asubuhi katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Duka hufungwa, lakini aliyezoea kuagiza bidhaa baada ya sala ya magharibi hajui hilo akiwa Mombasa. Mfumo ambao humwezesha karani kuipokea nambari ya duka akiwa nyumbani kwake, au akiwa amekwama Mwingi kwa sababu ya mafuriko, huifanya biashara iendelee kuwapo hata mlango wake ukiwa na kufuli.

Kuna pia jambo dogo la lugha ambalo linastahili kutajwa. Programu ya swichibodi huweza kumpokea mpigaji simu kwa Kisomali, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza kabla ya kumuunganisha na mtu anayeisema lugha hiyo. Kwa mji ambao wakazi wake wengi ni Wasomali na maafisa wake, madereva na wauzaji wengi wanatoka bara au pwani, uwezo huo huokoa dakika nyingi za kuitana na kutafsiriana. Serikali za kaunti zenyewe zingepaswa kuwa za kwanza kuutumia. Mwananchi wa Hulugho au Modogashe anayetaka kujua kama leseni yake imetoka hutegemea kuwa na nambari ya simu ya mkononi ya afisa fulani, na afisa huyo akihamishwa ofisi nayo imehama.

Kumbukumbu za simu ni faida nyingine. Mfumo huandika nani alipiga, saa ngapi, alisubiri kwa muda gani, na simu ngapi hazikupokelewa kabisa. Hesabu ya simu zisizopokelewa humshangaza mwenye duka, kwani kila moja yaweza kuwa mteja aliyekwenda kwa jirani. Mazungumzo yenyewe yanaweza kurekodiwa pia, na katika biashara ya dalali, ambamo bei ya ng'ombe arobaini hukubaliwa kwa mdomo, rekodi hiyo yaweza kumaliza ugomvi ambao zamani uliwakutanisha wazee wa pande mbili kwa siku tatu. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humlazimu anayerekodi awe na msingi wa kisheria na amjulishe anayezungumza naye. Zaidi ya sheria kuna desturi. Dalali atakayeambiwa kwamba maneno yake yananaswa kwa sababu neno lake halitoshi, huenda akauza ng'ombe wake kwa mwingine.

Mfano wa karibu wa kile mfumo kama huu unachoweza kufanya uko kilomita kama 100 kutoka mjini Garissa. Ukame na njaa ya 2011 vilipozifurisha kambi za Dadaab hadi wakimbizi wakapita 400,000, mashirika ya misaada yalikuwa yakifanya kazi katika vituo vilivyo mbali mbali, kila moja na dishi lake la setilaiti na bili yake. Kati ya 2011 na 2012 muungano wa NetHope na shirika la Inveneo, kwa msaada wa USAID na Cisco, waliboresha intaneti ya huko na kuyaunganisha mashirika hayo kwa mtandao wa pamoja wa ndani. Faida ya mtandao wa namna hiyo ni kwamba sauti na nyaraka za ofisi moja kwenda kwa jirani yake hazilazimiki tena kupanda angani na kushuka.

Wafanyabiashara wa kambi hizo hawakuwa sehemu ya mpango huo, ingawa si wadogo. Utafiti uliofanywa mwaka 2010 kwa ajili ya serikali za Kenya, Denmark na Norway ulikadiria kuwa mauzo ya biashara za wakimbizi Dadaab yalifikia dola milioni 25 kwa mwaka, na kwamba wenyeji wa maeneo jirani walinufaika kwa takriban dola milioni 14. Fedha za kiasi hicho zilizunguka kwa kutegemea simu za mkononi na uaminifu.

Yote yaliyotajwa hadi sasa yanategemea sharti moja ambalo katika mji mkuu huchukuliwa kuwa limetimia: kuwe na umeme na kuwe na njia.

Simu ya zamani ya mezani ilikuwa na sifa ambayo watu waliitambua baada ya kuipoteza. Umeme wake, volti 48, ulitoka katika kituo cha simu na kupita kwenye waya ule ule wa shaba uliobeba sauti, hivyo simu ililia hata mji mzima ukiwa gizani. Simu ya intaneti hutaka umeme wa ukutani, ruta nayo hutaka wake, na vyote viwili vikikosa betri hunyamaza pamoja. Garissa kwa miaka mingi iliendeshwa kwa jenereta za dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa. Kituo chake cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, hulisha gridi hiyo, na gridi ikianguka, kama ilivyoanguka karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, paneli zilizoko kando ya mji haziwashi taa za mji. Miji ya Wajir na Mandera haimo katika gridi hiyo. Ina mitambo yake ya dizeli na ya jua. Mfanyabiashara anayenunua simu za intaneti bila kununua betri ya kutosha na paneli yake ya juu ya paa amenunua nusu ya mfumo.

Suala la njia ni gumu zaidi, kwa sababu halipo mikononi mwa mnunuzi. Kwa zaidi ya mwongo mmoja wapiganaji wa al-Shabaab wamelenga mara kwa mara minara ya mawasiliano katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, kwa nia ya kuwazuia wakazi kutoa habari kwa polisi. Mnara ukilipuliwa, mafundi hawawezi kwenda kuujenga upya bila ulinzi, na wakazi huweza kukaa kwa wiki au miezi bila mawasiliano. Yafaa kuelewa hapa kwamba simu ya intaneti inayopitia mnara wa simu za mkononi haimwokoi mtu na balaa hilo. Mnara ukianguka, simu ya kawaida, WhatsApp na swichibodi ya kisasa huanguka kwa pamoja, kwa kuwa zote zilikuwa zikitembea kwenye njia moja. Mwenye duka aliyedhani ana simu tatu hugundua alikuwa na moja.

Mkonga wa ardhini ni imara zaidi, lakini nao hukatwa na matrekta ya wajenzi wa barabara na kuzolewa na mafuriko yale yale yanayozuia malori. Hata ukisalimika hapa nchini, matatizo ya mbali huufikia: Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, intaneti ilizorota Kenya nzima kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana setilaiti, ambayo ilionekana kupitwa na wakati mwaka 2009, imerudi mezani. Setilaiti za zamani hukaa umbali wa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti huchukua takriban robo ya sekunde kupanda na kushuka. Jibu likirudi, nusu ya sekunde imepita. Kwa barua pepe si neno. Kwa watu wawili wanaovutana bei ni adhabu, kwani kila mmoja hudhani mwenzake amenyamaza, wakaanza kusema kwa pamoja. Setilaiti za Starlink, ambayo ilianza kuuza huduma zake Kenya Julai 2023, huzunguka umbali wa kama kilomita 550 tu, na ucheleweshaji huo karibu haupo. Isitoshe, hazihitaji mnara wala mkonga wa eneo lenyewe. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kwa muda kuwapokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu ya msongamano. Kwa mara moja katika historia ya mawasiliano nchini, kuwa mbali na Nairobi kulikuwa na nafuu.

Basi mpangilio unaofaa duka la Garissa ni wa njia mbili zisizofanana: mkonga na setilaiti, au mkonga na mnara, si laini mbili za kampuni mbili zinazotundika vyombo vyao kwenye mlingoti mmoja. Gharama yake si ndogo. Mwenye kibanda hatoiweza peke yake, lakini wenye maduka ishirini wa jengo moja, au chama cha wauza mifugo, wanaweza kuigawana kama wanavyogawana mlinzi wa usiku.

Kuna hatari nyingine ambayo haihusiani na eneo. Swichibodi iliyounganishwa na intaneti bila ulinzi wa maana hudukuliwa, na wezi huitumia usiku kupiga simu za nchi za mbali zenye viwango vikubwa vya malipo. Bili humfikia mwenye ofisi mwisho wa mwezi. Dawa yake yajulikana, nayo ni nywila ngumu na kikomo cha matumizi ya simu za nje, lakini dawa hiyo hutaka fundi anayejua kazi, na mafundi hao wengi wako Nairobi. Kadhalika, simu ya namna hii isitegemewe kuita polisi au gari la wagonjwa, kwa sababu nambari ya 020 inayopigwa kutoka Masalani haimwambii anayeipokea kwamba mpigaji yuko Masalani.

Serikali haiwezi kusema haijui kinachotakiwa. Sheria imeunda hazina ya huduma kwa wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kuchangiwa na kampuni za mawasiliano, ambayo imekuwa ikigharimia ujenzi wa minara katika maeneo ambayo kampuni huyaona hayana faida, yakiwemo ya kaunti hizi tatu. Tatizo ni kwamba mnara huhesabiwa kuwa umekamilika siku unapowashwa. Kwa mfanyabiashara, idadi ya minara iliyojengwa haina maana kama ile ya siku ambazo kila mnara umekuwa ukifanya kazi katika mwaka, na hesabu hiyo ya pili ndiyo ingepaswa kuwa kipimo cha fedha za hazina hiyo.

Mradi wenye uwezo wa kubadilisha hali ni ule wa barabara ya kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo wa dola milioni 750 mwaka 2020. Pamoja na lami, mpango wake una mkonga wa mawasiliano utakaofuata barabara hiyo. Wafanyakazi wa barabara hiyo wamewahi kushambuliwa, na kazi imekwenda kwa kusuasua katika baadhi ya sehemu. Ukikamilika, Wajir na Mandera zitakuwa na njia ya pili ya kufika Nairobi isiyopita Garissa wala Madogo.

Kwa sasa, katika maeneo ya mpakani ambako minara ya Kenya huzimika, wakazi wa Mandera hutembea na laini mbili mfukoni. Moja ni ya Kenya. Ya pili ni ya Hormuud, kampuni ya simu ya Somalia, ambayo mawimbi yake huvuka mpaka kutoka Bula Hawa, na ambayo mara nyingi ndiyo inayoita.